Nililea mvumo miaka tisa kwenye baridi ya Sumbawanga, Jumapili ya Matawi nikayaona majani yake kanisani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio vitandani.

Huu ni uzi wangu wa kwanza baada ya miaka mingi ya kusoma nyuzi za wengine kimyakimya. Ninachokieleza kimetokea nyumbani kwangu, hapa Sumbawanga. Nimekipanga kwa kufuata daftari langu la kumbukumbu za kila siku, si kwa kufuata hasira. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Mtanisamehe kwa urefu. Nilifundisha Kilatini na Historia seminari hadi nilipostaafu, na mtu aliyezeekea kwenye kusahihisha insha za watu hajui kuandika kwa vifupisho. Anayetaka muhtasari ashuke hadi mwisho, ila nahofu mwisho hautamfaa kitu bila mwanzo.

Ninaandika nikiwa peke yangu ndani ya nyumba ya vyumba vinne. Mke wangu ameondoka tangu Pasaka, na sababu ni mti.

Nianze.

Mke wangu, ambaye humu nitamwita Mama Deo kama ninavyomwita nyumbani, ni mzaliwa wa Mtowisa, bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Mimi ni Mfipa wa huku juu. Kati ya kwetu na kwao upo mteremko wa Lyamba lya Mfipa, na ukiumaliza mteremko huo unavua koti. Kwao ni joto, mpunga na ng'ombe. Kwetu ni upepo, ulezi na mahindi, na ikifika Juni na Julai watu wazima hawaachani na moto hadi saa nne asubuhi.

Nilipostaafu tulihama nyumba ya seminari, tukajenga pembeni ya mji. Kipupwe cha kwanza katika nyumba hiyo nilimkuta Mama Deo ameketi kizingiti cha mlango wa nyuma, amevaa koti langu juu ya kitenge, anatazama upande wa bondeni.

"Una nini?"

"Nimekumbuka kwetu, Baba Deo."

Wakuu, naomba muishike sentensi hiyo. Niliisikia vizuri, kila neno. Maana yake ndiyo niliyoikosa, na nimeikosa kwa miaka tisa.

Miezi michache baadaye tulishuka kumsalimu mama mkwe. Nyuma ya nyumba yake kuna mivumo mitatu. Kwa wasioufahamu, mvumo ni mti wa jamii ya mnazi, ila jani lake halichaniki kama kuti. Linafunguka duara kama kipepeo cha kupulizia moto, kubwa kuliko ungo, na lina marinda toka shinani hadi ukingoni, yamepangwa sawasawa kama sketi ya shule iliyopigwa pasi. Kikonyo chake kina meno meusi pembeni, yanakata kama msumeno.

Nikaokota tunda moja. Ni kubwa, la rangi ya machungwa, na ndani lina kokwa tatu.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza la nini.

"Nakwenda kumpandia binti yako, mama. Apate kwao hukohuko kwangu."

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mwalimu! Huko kwenu huu mti utavaa sweta!"

Tulicheka wote. Mama Deo pia alicheka. Nasisitiza hili kwa sababu huwa najiuliza kama alicheka kweli, na daftari halikurekodi.

Sasa niingie kwenye ukulima, maana najua humu wamo wapenda miti.

Kokwa la mvumo halichomozi kama mbegu ya embe. Kwanza linateremsha kitu kama mkia, kinazama ardhini karibu urefu wa mkono, na hukohuko chini ndipo mche unapoanzia. Kwa hiyo haufai kuoteshwa kwenye kifuko na kuhamishwa. Unapandwa mahali utakapokaa.

Udongo wetu ni wa baridi. Ndipo nikafanya jambo ambalo nadhani Mfipa peke yake angelifanya. Huku tunalima kwa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo ndani yake tunafukia nyasi mbichi zikaoza. Zinapooza hutoa joto; mkulima yeyote wa huku akichomeka mkono ndani ya tuta jipya atakwambia. Nikajenga ntumba moja kubwa nyuma ya nyumba, karibu na kile kizingiti, nikafukia kokwa zote tatu. Kila mwaka nilikuwa naongeza nyasi na udongo mpya juu.

Mbili zilioza. Moja ilichomoza mwaka uliofuata, jani moja jembamba kama la ulezi. Mama Deo alilipigia vigelegele.

Kisha kipupwe kikaja.

Nilifunika ule mche kwa gunia. Halikutosha, ncha ikaungua na baridi. Mwaka wa pili nikaweka gunia na shuka. Mwaka wa tatu nikajenga kichanja cha fito kuuzunguka, nikatandaza blanketi juu yake saa kumi na moja jioni na kulitoa jua likikolea. Mwaka wa tano blanketi zikawa mbili. Asubuhi zenye baridi kali nilikuwa naweka jiko la mkaa pembeni mwa kichanja.

Majirani walipita wakicheka. "Mwalimu, mnazi wako umeamkaje?"

"Si mnazi. Ni mvumo."

"Haya, huo mvumo umekunywa chai?"

Mama Deo naye alikuwa na lake. Jioni moja nilikuwa natoka na blanketi la pili, akaniambia toka kitandani, "Baba Deo, mti una blanketi mbili, mimi nina moja. Nikichomoza marinda na mimi utanifunika?"

Nilicheka nikaendelea na safari yangu ya nyuma ya nyumba.

Mvumo ulikubali. Polepole mno, lakini ulikubali. Jani la kwanza lenye umbo la kipepeo lilifunguka mwaka wa sita. Nilikuwa nimelisubiri kama mtu anavyosubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kila jani nililipa namba, nikalipima kwa futi kamba na kuliandika. Jani la nne lilitobolewa na mvua ya mawe, tundu la ukubwa wa kidole gumba kwenye rinda la tatu kutoka kushoto. Nililiandika na hilo tundu.

Kule Mtowisa mti wa umri huo ungekuwa umempita mtu kimo. Wangu ulikuwa na majani saba ya kunifika kifuani na shina halikuwa limetokeza kabisa. Hili ni muhimu kulijua: mvumo mchanga moyo wake uko ardhini. Unaweza kuyakata majani yote, ukachoma moto juu yake, na mti ukarudi. Ndivyo mti huo unavyosalimika kule bondeni nyasi zinapochomwa.

Nilikuwa na kanuni. Hakuna kuanika nguo karibu. Hakuna kuku. Hakuna kuketi kwenye kile kizingiti, kwa sababu maji ya kunawia yalikuwa yanamwagwa pale, nami nilihofia sabuni.

Mama Deo alinyanyuka kizingitini. Akahamia mlango wa mbele.

Siku moja aliniomba, "Nipe jani moja nisuke kipepeo cha jiko. Mikono imesahau."

Nikamwambia tusubiri yafike kumi. Mti wenye majani sita hauwezi kupoteza moja.

Alijibu, "Sawa, Mwalimu." Hakuniita Baba Deo. Hilo pia sikuliandika.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu ni nzito.

Julai ya mwaka jana nilikuwa naelekea Mbeya kutibiwa macho, safari ya wiki mbili. Jioni ya kabla ya safari shemeji yangu Lucas, mdogo wake Mama Deo, akapiga simu toka Mtowisa. Mama yao hali chakula. Hajazidiwa, lakini hali chakula, na anamtaja dada.

Mama Deo akaja sebuleni. "Nataka kushuka kesho."

Nami nitayaandika majibu yangu kama nilivyoyasema, kwa sababu nilijiahidi hivyo.

Nilisema: "Kesho mimi sipo. Baridi ya mwaka huu unaiona. Usiku mbili tu bila kufunikwa, miaka minane imekwenda bure. Lucas mwenyewe amesema hajazidiwa. Nikirudi utashuka siku hiyohiyo."

Akauliza, "Jirani je? Hawezi kuufunika?"

"Jirani anauita mnazi."

Wakuu, nilijiona nimesema kwa ufasaha.

Alibaki. Kila jioni nilimpigia toka Mbeya. Nilianza kwa kuuliza mti, kisha mama. Aliniambia mti mzima. Aliniambia mama vilevile.

Nilirudi siku ya kumi na nne mchana. Alikuwa amefungasha tangu asubuhi. Alipanda gari ya Mtowisa kesho yake alfajiri. Gari liliharibika mteremkoni, wakakaa kutwa nzima, na alipofika alikuta turubai limefungwa uani na watu wameketi. Bondeni kuna joto na hakuna pa kuhifadhia mwili. Walikuwa wamezika jana yake.

Yaani mama mkwe alizikwa siku ileile niliyorudi toka Mbeya. Simu ya Lucas ilikuwa haipatikani. Kule mtandao hutegemea siku.

Nilishuka matangani, nilikaa siku tatu, nikatoa ubani wangu kama mkwe. Mama Deo hakunilaumu kwa neno hata moja. Nami, kwa ujinga wa mtu aliyesoma sana, nikadhani asiyelaumu amesamehe. Siku ya tatu jioni nilimuaga nikarudi juu. Mnajua nilirudi kufanya nini.

Tusonge mbele hadi Kwaresima ya mwaka huu.

Huku kwetu Jumapili ya Matawi ina shida yake. Mitende na minazi hatuna, hivyo matawi machache huletwa toka bondeni na wengine tunashika tawi lolote la kijani. Miaka yote akina mama wa jumuiya yetu walikuwa wakinitania kwamba mti wangu ungetosha parokia nzima, nami nilikuwa nikijibu hapana, kwa tabasamu.

Jumamosi hiyo nilikuwa Matai, kwenye msiba wa mwalimu mwenzangu wa zamani. Jumapili nikaja na gari la alfajiri, nikateremka moja kwa moja kanisani.

Maandamano yalikuwa yanaanza. Na mbele kabisa, nyuma ya msalaba, walikuwa akina mama wa jumuiya yetu. Wameinua majani makubwa, duara, yenye marinda.

Nikayahesabu. Saba.

La nne lilikuwa mkononi mwa Mama Resti, mwenyekiti wetu wa jumuiya. Jua lilikuwa linapita kwenye tundu la mvua ya mawe.

Sikuimba. Sikukomunika. Baada ya misa nilikwenda nyumbani kwa mwendo ambao wazee hawaendi. Kichanja kilikuwa kimefunguliwa vizuri, fito zimeegeshwa ukutani moja moja. Tuta lilikuwa limechimbwa, udongo wake umekusanywa pembeni. Na mvumo ulikuwa umekatwa chini kabisa, kiasi cha viganja vitatu ndani ya ardhi, pande lake jeupe likiwa limelala kando kama kitunguu kilichomenywa.

Mama Deo alikuwa anapika. Nikamuuliza. Akasema, "Walikuja kuomba majani," akaendelea kukoroga.

Hiyo ilikuwa kweli. Nimelipima jibu hilo mara nyingi na sikulikuta uongo.

Jumatano ya Juma Kuu jumuiya ilisali kwa Mama Resti. Baada ya sala niliomba neno. Nilisimama nikasema kwa mpangilio, kama ninavyojua kusema. Kwamba kuomba jani ni jambo moja na kuua mti ni lingine. Kwamba huku tumezoea migomba, unaikata leo kesho inachipua, basi watu wakadhani kila kitu ni mgomba. Kwamba aliyeshika jani la nne anajua nani alishika panga.

Mama Resti alikuwa amepakata mjukuu, akamweka chini.

"Mwalimu, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sisi tulikwenda kuomba majani mawili. Tulipewa saba. Tulipewa, Mwalimu, mkononi, yamefungwa kwa kamba. Mimi panga lako hata silijui linakaa wapi."

Mmoja nyuma akaguna, "Na ule mnazi ulivyo na miba, nani angethubutu?" Wawili watatu wakacheka.

Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa, na ningeelewa mapema zaidi kama ningesoma shimo lile kama nilivyozoea kusoma maandishi. Mtu wa huku juu angefyeka majani akaenda zake, na mti ungerudi. Aliyeukata alifukua kwanza. Alijua moyo unakaa wapi. Na udongo wa ntumba ni mwepesi; hizo nyasi nilizofukia kila mwaka, miaka tisa, zilimrahisishia kazi.

Mama Deo alikuwa ameketi mkekani na akina mama wenzake. Hakusimama.

"Nimeukata mimi," akasema. "Msimsumbue Mama Resti."

Nikamwambia, mbele ya watu, "Nilikupandia wewe."

"Najua."

"Ulisema umekumbuka kwenu."

"Nilisema. Hukuniuliza kwetu ni nani."

Hakupaza sauti. Akaendelea, "Kwetu alikuwa mama, Baba Deo. Mivumo ipo bonde zima. Mama alikuwa mmoja, nami nilikuwa huku juu naufunika mti blanketi."

Mama Resti aliingia ndani, akatoka na lile jani la nne lililobarikiwa, akampa. "Chukua la kwako, mama."

Alishuka Mtowisa Jumatatu ya Pasaka. Alisema anakwenda kumsaidia Lucas kuvuna mpunga. Mpunga umeshavunwa. Lucas huniambia hivyo kila nikipiga, kwa adabu, bila kuongeza kitu. Mara moja tu aliongeza: "Shemeji, dada aliweka jani kaburini kwa mama. Limekauka lakini bado lipo. Lina tundu."

Mimi ndiye niliyeleta mvumo Ufipa. Na mke wangu ameurudisha.

Jana usiku nilifungua daftari, ukurasa wa siku ile aliyoondoka kwenda kumwona mama yake na kukuta amezikwa. Nilitaka kujua niliandika nini. Nanukuu maandishi yangu mwenyewe: "Mama Deo amesafiri. Kufunika: mimi. Jani la saba limeanza kufunguka."

Ndiyo hayo tu. Mwandiko ni mzuri.

Nisiwadanganye kwamba nimekuwa mtakatifu. Bado ninausikitikia ule mti. Kuna saa ninamwona Mama Deo mkatili, kwa sababu angeweza kunitukana, angeweza kuondoka, akauacha mti. Kisha nakumbuka kwamba aliomba ruhusa mara moja, jani mara moja, na blanketi mara moja, na mti ndio uliopewa vyote.

Somo langu, kwa wale walioruka hadi hapa: mtu akikwambia amekosa kitu, usikimbilie kumtafutia. Muulize kwanza ni kitu gani. Na ukishampa, kiache kiwe chake, akikate, akisuke, akiketie. Mimi nilimpa mke wangu mti, kisha nikamwajiri kuulinda.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameuliza kwenye ujumbe kwa nini nisiokote kokwa nyingine nianze upya, kwamba uzoefu sasa ninao. Mkuu, nina miaka sitini na nane. Na kokwa ziko nyuma ya nyumba ya marehemu mama mkwe. Siwezi kufika pale nikainama kuokota kitu kabla sijapiga magoti.

NYONGEZA 2: Mwingine anasema nimwache, atarudi mwenyewe akichoka na joto. Amezaliwa kwenye joto hilo, mkuu. Kilichomchosha kiko huku.

Sasa ni Julai tena. Saa kumi na moja jioni miguu inanipeleka nyuma ya nyumba yenyewe. Tuta nimelisawazisha. Siku hizi naketi kwenye kile kizingiti, na nimegundua kwamba ukikaa pale unaiona njia inayoshuka bondeni yote, hadi inapokatika. Alikuwa haangalii upepo; alikuwa anaangalia njia ya kwenda kwa mama yake.

Kesho naomba nafasi kwenye gari ya Mtowisa. Nimezifua zile blanketi mbili, nikazikunja, nikaziweka upande wake wa kitanda. Sizibebi, kule hazina kazi.

Waliowahi kukosa msiba wa mkwe kwa kosa lao, au kumkosesha mtu msiba wa mzazi wake, karibuni mseme. Sihitaji pole. Nahitaji kujua jambo moja: nikifika uani pale, na yeye yupo anapepeta mchele pale alipokuwa anapepeta mama yake, nianze na neno gani?